Atomu Ilivyobadilika Mikononi mwa Wapimaji

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Dzaleka, Wilaya ya Dowa, mbele ya walimu, wanafunzi na wageni kutoka Lilongwe

  Nimeombwa nizungumzie atomu, tena kwa Kiswahili. Ombi hilo lina sababu yake. Kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, na leo ina watu zaidi ya elfu hamsini waliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Ethiopia, Somalia na kwingineko. Humu ndani kuna mtu aliyesoma kemia kwa Kifaransa kule Uvira na mwingine anayejiandaa kwa mtihani wa MSCE kwa Kiingereza, na wote wawili wamechorewa mchoro uleule: duara dogo katikati, mistari ya mviringo kulizunguka, na nukta zinazoitwa elektroni. Wote wawili pia wameambiwa, kwa haraka na kama jambo la kupitia tu, kwamba mchoro huo si sahihi kabisa.

Nia yangu leo si kuwapangia tarehe na majina ya wavumbuzi, maana hayo yamo vitabuni. Nataka kutetea dai moja. Wengi wakisikia kwamba wanasayansi walibadilisha mchoro wa atomu mara nne au tano katika muda wa miaka mia moja na ushee, huhitimisha kwamba wanasayansi hawana msimamo, na kwamba mchoro wa leo nao utatupwa kesho. Mimi nasema kinyume. Mchoro ulibadilika kwa sababu vipimo viliulazimisha, na kila mchoro mpya ulibanwa ueleze yote yaliyokwisha kuelezwa na ule wa zamani, pamoja na lile lililoushinda. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayotupa haki ya kuuamini. Basi mwanafunzi anayepewa mchoro bila kupewa kipimo kilichouleta amenyimwa kitu chenyewe. Nitaleta hoja nne. Ya pili ni ndefu kuliko zote, nawaomba subira.

Hoja ya kwanza: wazo la atomu ni la kale, lakini mizani ndiyo iliyolifanya sayansi.

Mara nyingi husemwa kwamba hakuna jipya hapa, kwamba Demokrito wa Ugiriki alikwisha kusema karne ishirini na nne zilizopita kuwa vitu vyote ni chembe zisizogawanyika. Huko India shule ya mwanafalsafa Kanada ilifundisha jambo linalofanana na hilo, na wanazuoni wa elimu ya kalam, yaani theolojia ya Kiislamu, kule Basra na Baghdad walibishana karne kwa karne kuhusu chembe isiyogawanyika. Hayo yote ni kweli, na heshima yao haipunguzwi na lolote nitakalosema. Lakini wazo lao halikuwa na mahali pa kushindwa. Aliyeamini chembe na aliyezikana wangeweza kujadiliana mpaka alfajiri, na hapakuwa na chombo juu ya meza ambacho kingemfanya mmoja wao akubali kwamba amekosea.

John Dalton, mwalimu wa Manchester, alilipeleka wazo hilo kwenye mizani kuanzia mwaka 1803, na mwaka 1808 akaanza kulichapisha kwa ukamilifu. Tazameni mkaa tunaopikia. Gramu 12 za kaboni zikiungana na gramu 16 za oksijeni hutoa ile gesi inayoua watu waliofunga madirisha na kulala na jiko ndani. Gramu 12 hizohizo zikiungana na gramu 32 za oksijeni hutoa gesi tunayoitoa puani kila tunapopumua. Kutoka 16 hadi 32 ni mara mbili kamili. Mbona isiwe mara moja na robo, au mara moja na sehemu saba? Jibu la Dalton ni kwamba oksijeni huja kwa chembe nzima: kaboni moja huchukua oksijeni moja au mbili, hakuna nusu. Atomu yake haikuwa na sehemu ndani wala umeme. Ilikuwa chembe ngumu yenye uzito wake maalumu, basi. Hata hivyo yeye mwenyewe alikosea uzito wa oksijeni, kwa kudhani kwamba maji ni hidrojeni moja na oksijeni moja, na kosa hilo lilichukua nusu karne kusahihishwa.

Mtu ataniuliza kwa nini tuendelee kumfundisha Dalton ikiwa mchoro wake umepitwa. Chukueni mfuko wa Urea wa kilo 50, ule unaosubiriwa na kila mkulima wa Dowa mvua zikikaribia. Umeandikwa 46. Namba hiyo ni asilimia ya naitrojeni, na mwanafunzi yeyote anaweza kuihakiki kwa atomu za Dalton: kaboni 12, oksijeni 16, naitrojeni mbili zenye 28, hidrojeni nne zenye 4, jumla 60. Gawanya 28 kwa 60, unapata karibu asilimia 46.7 kwa Urea safi. Hakuna elektroni iliyohitajika hapo. Kielelezo cha zamani hakikufa. Tulichojifunza ni mpaka wa mahali kinapofaa.

Tena tusidhani kwamba atomu ilikubaliwa kirahisi. Mpaka mwishoni mwa karne ya kumi na tisa walikuwapo mabingwa walioiona kuwa njia tu ya kurahisisha hesabu. Wilhelm Ostwald, mkemia mkubwa wa Ujerumani, alikuwa mmoja wao. Kilichombadilisha ni vipimo vya Jean Perrin wa Ufaransa, aliyetumia nadharia ya Einstein ya mwaka 1905 kuhesabu atomu kutokana na mtikisiko wa vumbi dogo ndani ya maji. Njia mbalimbali zisizohusiana zilitoa idadi ileile, na mwaka 1909 Ostwald akakubali kwa maandishi. Mtu aliyepinga miaka mingi akakubali kwa sababu ya namba. Kumbukeni hilo tunapofika kwa wapinzani wengine.

Hoja ya pili: hakuna kielelezo kilichoondolewa kwa kuchosha watu, kila kimoja kilishindwa na kipimo.

Mwaka 1897 J. J. Thomson wa Cambridge alipima miale inayotoka kwenye kathodi ndani ya bomba lililotolewa hewa. Alibadilisha metali na kubadilisha gesi, lakini chembe alizozipata zilikuwa zilezile: zina chaji hasi, na kwa vipimo vya leo ni nyepesi kuliko atomu ya hidrojeni karibu mara 1,800. Kumbe atomu ina kitu ndani. Thomson akapendekeza kwamba elektroni zimetawanyika ndani ya tufe lenye chaji chanya iliyoenea kote. Wakati huohuo, mwaka 1904, Hantaro Nagaoka wa Tokyo alipendekeza atomu yenye kitu kizito katikati na elektroni zikizunguka kama pete za sayari ya Zohali. Ninyi mnaojua mwisho wa hadithi mtasema Nagaoka alikuwa karibu zaidi na ukweli. Ndiyo, lakini mwaka 1904 hapakuwa na kipimo cha kuamua kati yao, na kubahatisha vizuri si sawa na kujua. Halafu pete za Nagaoka zilikuwa na kasoro ambayo wenzake waliiona mapema: elektroni zinazosukumana zisingetulia katika pete.

Kipimo kilikuja Manchester, katika maabara ya Ernest Rutherford, mtoto wa mkulima kutoka New Zealand. Mwaka 1909 Hans Geiger na kijana Ernest Marsden, ambaye alikuwa bado mwanafunzi, walirusha chembe za alfa kwenye bati jembamba mno la metali. Chembe hizo hutoka zenyewe katika radiamu na jamii yake, nzito na zenye kasi kubwa. Kazi ilikuwa ya kuchosha: kukaa gizani mpaka macho yazoee, kisha kuhesabu vimulimuli vidogo kwenye kioo kimoja baada ya kingine. Kama atomu ya Thomson ingekuwa kweli, alfa zingepita zikiyumba kidogo tu, kwa kuwa chaji iliyoenea haina pa kukusanya nguvu. Nyingi zilipita hivyo. Lakini moja katika kila elfu nane hivi ilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford akatoa hesabu: kinachoweza kuirudisha alfa ni kitu kizito, chenye chaji nyingi, kilichosongamana mahali padogo kupita kiasi. Nikiulizwa udogo gani, nitasema hivi. Kama atomu ya dhahabu ingekuwa na upana wa Uwanja wa Taifa wa Bingu kule Lilongwe, majukwaa na yote, kiini chake kingekuwa kama punje ya karanga katikati ya uwanja, na karibu uzito wote wa uwanja ungekuwa ndani ya punje hiyo.

Hapa naomba msikilize kwa makini, maana vitabu vyetu vya shule huishia kwenye alfa iliyorudi nyuma, kama kwamba mshangao pekee ulitosha. Haukutosha. Hesabu ya Rutherford ilitabiri ni alfa ngapi zitapinda kwa kila pembe, na kwamba idadi hiyo itabadilika kwa namna maalumu ukibadilisha unene wa bati, kasi ya alfa au aina ya metali. Geiger na Marsden walirudi gizani na kuhesabu tena, na mwaka 1913 wakachapisha kwamba kila utabiri ulitimia. Kama namba zingekataa, kiini kingefutwa mwaka uleule.

Ushindi huo ulikuja na tatizo kubwa. Kwa sheria za umeme zilizojulikana, elektroni inayozunguka lazima itoe mwanga, ipoteze nguvu na kuanguka ndani ya kiini katika muda mfupi kupita kukonyeza jicho. Atomu ya Rutherford, kwa hesabu zake yenyewe, haiwezi kudumu. Lakini meza hii ipo, na sisi tupo. Niels Bohr, Mdenmaki aliyekuwa amepitia Manchester, alilijibu tatizo hilo mwaka 1913 kwa ujasiri ambao wengi waliuona ni ukaidi: elektroni huruhusiwa kukaa katika njia fulani tu, humo haitoi mwanga, na mwanga hutoka pale tu inaporuka kutoka njia moja kwenda nyingine. Ushahidi wake ulikuwa umelala kabatini tangu mwaka 1885, pale Johann Balmer, mwalimu wa shule ya wasichana mjini Basel, alipogundua kwamba rangi nne za mwanga wa hidrojeni zinafuata fomula yenye namba kamili. Miaka ishirini na minane hakuna aliyejua kwa nini. Bohr akaipata fomula hiyo kutoka kwenye namba zilizokwisha kupimwa, kama uzito na chaji ya elektroni, bila kubahatisha namba yoyote.

Sasa akaja mpinzani, na kwangu hiki ndicho kisa kizuri kuliko vyote katika historia hii. Kulikuwa na mistari ya mwanga ambayo watu waliihesabu kuwa ya hidrojeni, lakini haikukaa sawa katika fomula ya Balmer. Bohr akasema hiyo si ya hidrojeni. Ni ya heliamu iliyopoteza elektroni moja, na thamani yake lazima iwe mara nne ya ile ya hidrojeni. Alfred Fowler wa London, mtaalamu wa spektra, akajibu kwamba amepima na si mara 4, ni mara 4.0016. Tofauti hiyo ni ndogo sana, lakini kwa vyombo vya Fowler haikuwa kosa la kupima. Wengine wangesema "inakaribia, inatosha." Bohr hakusema hivyo. Alionyesha kwamba alikuwa amekihesabu kiini kama kisichosogea, ilhali kiini cha hidrojeni ni chepesi na husogea kidogo elektroni inapozunguka. Hesabu iliporekebishwa, uwiano ukawa 4.00163, na mjadala wa mistari hiyo ukaisha. Anayesema vielelezo vya sayansi ni maoni tu na aniambie ni maoni gani yanayoweza kubanwa hadi sehemu ya kumi elfu na yakatoka salama.

Na bado kielelezo cha Bohr kilishindwa. Heliamu nzima, yenye elektroni mbili tu, ilikikataa. Hesabu hazikutoa mistari yake. Watu walijaribu kukitia viraka kwa miaka kumi hivi. Mwaka 1925 Werner Heisenberg aliacha kabisa kuuliza elektroni ipo njia gani, na mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo unaoichukua elektroni kama wimbi. Mwaka huohuo Max Born akaeleza kwamba wimbi hilo hutupa uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani. Msikilizaji anaweza kusema sasa wamekimbilia ukungu. Lakini mwaka 1927 Davisson na Germer nchini Marekani walirusha mchirizi wa elektroni kwenye fuwele ya nikeli, na elektroni zikatawanyika kama mawimbi yanavyofanya. George Thomson alipata jambo hilohilo Aberdeen. Huyu ni mtoto wa yule Thomson wa 1897: baba alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoonyesha elektroni kuwa chembe, mwana akaipata kwa kuonyesha kwamba ni wimbi, na hakuna aliyelazimika kurudisha tuzo yake. Mlinganyo wa Schrödinger hutoa mistari yote ya Balmer aliyoitoa Bohr, na ulipotumiwa kwa heliamu ukafaulu pale Bohr alipokwama. Ndipo duara zile za shuleni zikageuka kuwa mawingu.

Hoja ya tatu: kielelezo kikibadilika, jiwe lilelile hubadilika thamani, na Afrika yetu ina ushahidi wa jambo hilo ardhini.

Ndugu zangu wa Katanga mnaijua Shinkolobwe. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915, na kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilikuwa ikiyasafirisha hadi Olen, Ubelgiji. Yalifuatwa kwa ajili gani? Radiamu, iliyotumika hospitalini na kuuzwa kwa bei ya ajabu. Urani yenyewe, ambayo ndiyo iliyojaa katika jiwe, ilikuwa baki, ikitumika kutia rangi vigae na vioo. Kisha mwaka 1932 James Chadwick akagundua nyutroni, na kielelezo cha kiini kikakamilika: protoni na nyutroni pamoja. Ikaeleweka kwa nini kuna urani za aina mbili zisizotofautiana kwa kemia: zote zina protoni 92, ila moja ina nyutroni 143 na nyingine 146. Mwishoni mwa 1938 ikagunduliwa kwamba nyutroni inaweza kukipasua kiini cha urani. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni hiyo, alihamishia New York zaidi ya tani elfu moja za madini ya Shinkolobwe, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya 1945 ilitoka humo. Jiwe halikubadilika hata chembe kati ya 1915 na 1940. Kilichobadilika ni kielelezo. Waliolichimba kwa mikono hawakuwa na kielelezo chochote cha kuwaambia wamebeba nini.

Tukienda Gabon tunakuta ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 1956 mkemia Paul Kuroda alikokotoa kwamba, zamani za kale, mahali penye urani nyingi na maji pangeweza kuwaka kama tanuri la nyuklia bila mkono wa mtu. Mwaka 1972 maabara ya Ufaransa iliona kwamba urani ya Oklo ina asilimia 0.7171 ya ile aina ipasukayo, mahali ambapo jiwe lolote duniani huwa na 0.7202. Wakachunguza na kukuta mabaki ya mpasuko, ya aina na viwango ambavyo nadharia inavitaka. Miaka bilioni mbili iliyopita, tanuri lilikuwa limewaka lenyewe chini ya ardhi ya Gabon. Kielelezo kilichoundwa kwa vipimo vya karne ya ishirini kilisomeka sawasawa katika jiwe lililotangulia wanadamu wote.

Na hapa Malawi tuna Kayelekera, katika wilaya ya Karonga. Mgodi ulifunguliwa mwaka 2009, ukasimamishwa 2014 bei ya urani ilipoanguka baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, na 2025 uzalishaji ukaanza tena. Nawaomba mtazame jinsi unavyopinduana na Shinkolobwe. Kule walichukua radiamu wakaacha urani. Karonga wanachukua urani na kuacha radiamu. Urani hugeuka polepole, hatua kwa hatua, kuwa elementi nyingine, radiamu ikiwa mojawapo. Na kwa kuwa kila elementi ina kemia yake, tindikali inayoivuta urani kutoka kwenye mwamba haiivuti jamii yake yote. Tope linalobaki bwawani huwa bado limebeba sehemu kubwa ya mnururisho uliokuwa katika jiwe, na radiamu hiyo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Anayefikiri kwamba wakiisha kuondoa urani wameondoa hatari ana kielelezo cha Dalton kichwani, mahali panapohitaji cha Rutherford na Chadwick. Mito ya eneo hilo humwaga maji katika ziwa letu, lile ambalo ndugu wa Tanzania huliita Nyasa. Malawi ina Sheria ya Nishati ya Atomiki tangu mwaka 2011. Kuisimamia sheria hiyo kunahitaji watu wanaoelewa kwa nini tope lina hatari kuliko keki ya njano, yaani urani iliyochenjuliwa, iliyopakiwa kwenye mapipa.

Nimesema haya kwa sababu najua pingamizi linalozunguka ukumbini: mtu anayesubiri mgao wa chakula ana haja gani na atomu? Pingamizi hilo ni la haki, na sitalijibu kwa kusema kwamba elimu ni nuru. Nasema tu kwamba maamuzi kuhusu mbolea, mgodi na maji yanafanywa kila mwaka, na asiyejua kielelezo hufanyiwa maamuzi na anayekijua.

Hoja ya nne: kielelezo kizuri humwezesha asiye na maabara kufanya kazi ya sayansi.

Lise Meitner alifanya kazi Berlin miaka thelathini. Mwaka 1938 Austria ilipomezwa na Ujerumani, pasipoti yake ya Austria haikuwa na maana tena, na kwa kuwa alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi maisha yake yalikuwa hatarini. Mwezi wa Julai, akiwa na umri wa miaka 59, alivuka mpaka kuingia Uholanzi na vitu vichache, kisha akafika Sweden, ambako alipewa mahali pa kukaa lakini vifaa vya kazi vilikuwa haba. Sidhani kama ninahitaji kueleza hali hiyo katika ukumbi huu. Desemba mwenzake Otto Hahn, aliyebaki Berlin, alimwandikia kwamba urani iliyopigwa nyutroni imetoa bariamu, elementi yenye uzito wa nusu hivi ya urani, na yeye haelewi imewezekanaje. Meitner na mpwa wake Otto Frisch, naye mkimbizi, walikaa na karatasi. Walikuwa na kielelezo cha kiini kama tone la majimaji, kilichokuwa kimekuzwa na Gamow na Bohr. Wakaona kwamba tone kubwa kama la urani liko karibu na kujigawa lenyewe. Wakahesabu tofauti ya uzito kabla na baada ya mpasuko, sehemu moja ya tano ya protoni, wakapata nguvu ya elektronivolti milioni 200. Januari 1939 Frisch alithibitisha mpasuko huo kwa chombo kule Copenhagen. Tuzo ya Nobel ya kemia ya 1944 alipewa Hahn peke yake. Huo ulikuwa upungufu wa watoa tuzo.

Kisa hiki kisitumike kusema kwamba shule zetu hazihitaji maabara. Zinahitaji, tena sana. Nakitaja kujibu wale wanaosema kwamba mahali pasipo na vifaa mwanafunzi akariri tu. Kukariri ndiko kusikoweza kumsaidia. Sababu na hesabu zinafundishika ubaoni. Namba za Balmer, vipimo vya Geiger na Marsden, ubishi wa Fowler, vyote vinahitaji chaki na saa moja ya mwalimu aliyejiandaa.

Pingamizi la mwisho ni la walimu wenyewe, nami nimelisikia likisemwa kwa upole: kwa nini tusifundishe kielelezo cha mwisho pekee, kilicho sahihi, tuokoe muda? Kwanza, hakuna cha mwisho. Mwaka 2010 vipimo vilivyofanyika Uswisi vilitoa upana wa protoni uliopungua kwa asilimia nne hivi kuliko ulivyojulikana, na tangu hapo maabara mbalimbali zimekuwa zikipima upya, nyingi zikielekea kwenye namba ndogo. Pili, wingu la elektroni likifundishwa bila njia iliyotufikisha kwake huwa itikadi tu, na kijana aliyepewa itikadi hana cha kujibu mtu mwingine akimletea itikadi yake.

Basi natazama mbele. Kwa walimu wa Dzaleka: muhula ujao, kila mtakapochora atomu ubaoni, andikeni chini yake kipimo kilichouondoa mchoro uliotangulia, na mtihani wenu wa ndani uulize kipimo hicho kabla ya kuuliza mchoro. Kwa wageni wetu wa Lilongwe, mlio karibu na vyuo na wizara: Karonga itahitaji wapimaji wa mnururisho kwa miaka mingi baada ya mgodi kufungwa, na humu kambini wamo vijana waliofaulu fizikia na kemia ambao hawana pa kwenda. Wafungulieni nafasi za masomo hayo, wenyeji na wakimbizi pamoja, na mwanze mwaka huu wa masomo. Na kwa wanafunzi: yeyote asiyekubali nilivyomweleza Nagaoka, au anayeona nimempendelea Bohr, asimame sasa aulize. Muda wa maswali umefika.